Dubu Aliyerudisha Kizibo

Nani kacheka?

Wewe pale nyuma, uliyejiziba mdomo kwa kanga. Mabega nimeyaona. Hadithi sijaianza, umekwisha kuikataa! Kisa nini? Kisa nimesema dubu. Kisa nimesema Japani. Sungura akivaa kilemba akahukumu kesi, unaamini. Fisi akipeleka posa, unaamini, tena unauliza kama alipokewa vizuri. Magari ya Wajapani unapanda, redio zao unalala nazo kitandani, lakini dubu wao humtaki! Kakukosea nini? Anayeijua hadithi hii kunishinda na aje akalie kigoda. Hayupo? Basi tulia. Anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Nikisema hadithi, semeni ije. Hadithi!

— Ije!

Ije na nini?

— Na kucha zake!

Imkwaruze nani?

— Asiyesikia!

Haya. Hapo kale, kale ambayo hata babu wa babu alikuwa hajaota meno, palikuwa na kijiji huko Japani, kimekaa kwenye paja la mlima kama mtoto anayetaka kubebwa. Juu ya kijiji palikuwa na hekalu. Nyuma ya hekalu, makaburi. Nyuma ya makaburi, msitu. Na ndani ya msitu, dubu.

Dubu hamjamwona, basi nitawatengenezea. Chukua nguruwe, mnyang'anye aibu. Mpe manyoya meusi, mpe kucha za chui, mpe pua ya mbwa, mpe njaa ya mgeni wa harusi. Halafu mchoree kifuani alama nyeupe, imejipinda kama mwezi mwandamo. Huyo ndiye dubu wa kule. Miti anapanda. Mto anaogelea. Akitaka, anasimama kwa miguu miwili kama mtu anayeomba kutoa hotuba. Mpo?

— Tupo.

Sasa shikeni jambo moja, msije mkanipotelea njiani. Watu wa kijiji kile hawakumtaja dubu kwa jina lake. Walisema ukimtaja atadhani umemwita, naye si mtu wa kukataa wito. Wakampa jina la heshima: Mzee wa Mlimani. Na mtawa mkuu wa hekalu, kwa kuwa hekalu lake lilikaa mlimani, naye walimwitaje?

— Mzee wa Mlimani!

Kumbe masikio mnayo. Jina moja, wenyewe wawili. Hakuna aliyeona tabu, maana dubu alikuwa hajaonekana tangu bibi zao walipokuwa wasichana. Jina likabaki kwa mtawa peke yake, na mtawa aliitwa Gishun.

Gishun alikuwa mnene. Nasema mnene wa kuinuka kwa mafungu: kwanza mikono, halafu magoti, halafu tumbo likija nyuma kama mzigo wa punda. Na kila asubuhi aliwaambia watu, "Mimi mja dhaifu, nakula uji wa mchele na kipande cha figili ya chumvi. Basi." Watu waliliangalia lile tumbo, wakatazamana, wakasema, "Baraka hizo." Alivaa joho jeusi mpaka vifundoni, na shingoni ukosi mweupe, ulioshuka pande mbili ukakutana kifuani. Hapa. Hapa nilipoweka kidole.

Langoni mwa hekalu palikuwa na nyumba ndogo ya mjane aitwaye Otsune. Huyu ndiye tutakayekwenda naye. Otsune alikuwa na mgongo uliopinda na ulimi ulionyooka. Uani kwake ulisimama mti wa kaki. Kaki ni tunda, wewe, si kitambaa cha sare ya askari! Rangi yake ya nyanya, na likiwa bichi lina ukakasi wa kukushonea mdomo. Lakini ukilimenya, ukalifunga kwa uzi wa majani ya mpunga, ukalitundika upenuni likapigwa na jua na baridi, linalainika, linatoka unga mweupe juu, linakuwa tamu kuliko tende. Otsune alitundika mamia. Ukitazama nyumba yake kwa mbali, ungedhani imevaa shanga.

Kila siku alichukua kaki moja iliyokauka akampelekea marehemu mumewe, Isaku, kaburini. Si kwa mapenzi mengi. Alimpelekea ili asipate kisingizio cha kurudi.

Na hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya kijiji. Wafu walipelekewa walivyovipenda. Huyu mkate wa mchele. Huyu pombe ya mchele. Huyu maharage matamu. Asubuhi vinawekwa, jioni havipo. Vimekwenda wapi? Watu walisema kunguru. Wengine walisema roho. Otsune alisema, "Mimi nimeishi na Isaku, namjua anavyokula. Huyu si Isaku. Isaku alikuwa anabakiza."

Basi siku moja alasiri, mwanamke aitwaye Oyone, mchemsha maharage, alisahau kapu lake makaburini, akarudi kulichukua. Hakufika. Alilitupa hata lile alilokuwa nalo kichwani. Akashuka mlima mbio, kiatu kimoja mguuni, kimoja Mungu anajua, anapiga kelele:

"Mzee wa Mlimani! Mzee wa Mlimani yuko makaburini! Anakula vya marehemu!"

Otsune alikuwa kizingitini akimenya kaki. Alimwona Oyone akishuka. Baada yake alimwona Gishun akishuka naye, anahema, amekunja uso kama mtu anayekwenda kuomba radhi. Punje za mchele zilikuwa kidevuni. Na kutoka bondeni wakapanda wanakijiji na majembe, mbele yao mkuu wa kijiji, Mohei, mtu ambaye hajawahi kusema jambo kabla halijasemwa na mwingine.

Gishun akafungua mdomo. "Ndugu zangu, nisameheni, mwili ni dhai..."

"Pole, Mzee!" Mohei akamdaka. "Hajakugusa?"

"Nani?"

"Mzee wa Mlimani! Si wewe, yule mwingine. Wa manyoya. Oyone kamwona kwa macho yake. Mweusi!"

"Mnene!" akasema Oyone.

"Na alama nyeupe kifuani!"

Gishun akainamisha kichwa, akajitazama kifua. Taratibu akakusanya joho lake, akaufunika ule ukosi. Otsune alimwona usoni. Ulikuwa uso wa mtu aliyejiandaa kupigwa, akapewa zawadi.

"Ndiyo," akasema Gishun. "Hata mimi nimemwona. Mkubwa sana."

Na machozi yalikuwa yamekwisha kuandaliwa, akaona asiyapoteze, akayatumia palepale.

Mnacheka? Chekeni. Wao hawakucheka. Waliingia hekaluni kufanya mkutano wa usalama, na Gishun akawapa amri tatu za kujilinda na dubu. Sikilizeni, maana zilikuwa amri nzuri sana. Ukimwuliza mtu yeyote wa nchi ile leo, atakupa karibu hizohizo.

Amri ya kwanza: kila apandaye makaburini avae njuga, ili mnyama asikie watu wanakuja, apishe.

Amri ya pili: ukiweka sadaka, weka uondoke. Usikae, usichungulie, usigeuke.

Amri ya tatu: ukikutana naye uso kwa uso, usikimbie, usipige kelele. Inama, teremsha macho chini, rudi kinyumenyume.

"Na sadaka je?" akauliza Mohei. "Tupunguze?"

"Muongeze," akasema Gishun. "Akishiba huku juu, atashuka kijijini kufanya nini?"

"Maneno ya hekima," akasema Mohei.

"Maneno ya mpishi," akasema Otsune, lakini alisemea puani.

Tangu siku hiyo kijiji kikavaa njuga. Mkubwa njuga, mdogo njuga, ng'ombe njuga. Asubuhi watu wanapanda makaburini cheng'e cheng'e cheng'e, kama ngoma iliyomkimbia mpigaji, na wimbo wameshautunga:

*Mzee wa Mlimani, kula ushibe,*
*ya juu ni yako, ya chini tuachie.*

Wanaweka mikate. Wanaweka maharage. Wanaweka vibuyu vya pombe. Wanainama, wanarudi kinyumenyume, wanaangukiana. Na dubu akaendelea kuonekana. Leo kaonwa nyuma ya kaburi la fundi seremala. Kesho kaonwa karibu na kisima. Kesho kutwa kaonwa akijipangusa mdomo. Wote waliomwona waliinama haraka, kwa hiyo hakuna aliyemwona uso. Na Gishun akazidi kunenepa, kwa uji.

Otsune hakuvaa njuga. "Mimi si mbuzi," alisema. Lakini jambo lilimkera, na linalomkera kikongwe halilali.

Siku ya kwanza alimpelekea Isaku kaki, uzi wake ameufunga fundo juu ya fundo, fundo la mkaidi. Aliporudi, kaki haikuwepo. Uzi ulikuwepo. Fundo limefunguliwa, na uzi umekunjwa vizuri, umewekwa kando. Akamkimbilia Mohei.

"Mkuu wa kijiji, dubu wenu anafungua mafundo."

Mohei akautazama uzi. "Unaona? Huyu ni dubu wa hekaluni. Ana malezi."

Siku ya pili alipeleka pombe ya mchele ndani ya kibuyu, akakigandamiza kizibo kwa kiganja. Aliporudi, kibuyu kilikuwa kitupu. Lakini kizibo kilikuwa mahali pake. Mtu kanywa, kakausha, karudisha kizibo. Akamkimbilia Mohei.

"Mkuu wa kijiji, dubu wenu anakunywa na kuziba."

Mohei akakitikisa kibuyu. "Ameiga watu. Mnyama akikaa na watu wema, hujifunza."

"Wema gani? Mume wa Oyone alikinywa changu harusini akakitupa mtaroni. Huyo hajamwiga."

"Bibi Otsune," akasema Mohei, "unataka kusema nini?"

"Sitaki kusema. Nataka uone."

"Mimi macho yangu yako chini. Ndiyo amri."

Jamani! Mtu akishaamua kutoona, hata umpake nuru machoni kama wanja atasema anawashwa. Mpo?

— Tupo!

Siku ya tatu Otsune alichuma kaki mbichi. Mbichi kabisa, ukakasi mtupu. Akaimenya, akaipondaponda kwa kisu ilainike, akaivingirisha kwenye unga wa mchele mpaka ikawa nyeupe kama iliyokauka. Ukiiona, ungeapa. Siku hiyo palikuwa na sala ya mchana hekaluni, na watu wote walikuwa wanapanda. Otsune aliwatangulia, akaiweka kaki kaburini, akaingia hekaluni, akakaa mbele kabisa, mikono mapajani, kama mtu mwema.

Nje njuga zikaanza kusogea. Cheng'e cheng'e. Kwa nyuma akasikia miguu mizito ikikimbia kutoka makaburini. Mlango wa nyuma ukafunguka, Gishun akaingia, mashavu yamejaa, anameza. Akakaa juu ya mto wake. Watu wakaingia, wakainama. Gishun akataka kufungua mdomo aanze sala.

Haukufunguka.

Midomo ilijikusanya ikawa kama kitovu cha mtoto. Akavuta pumzi. "Nnnn," akasema. Akajaribu tena. "Nnnnmmm." Ulimi umegeuka kipande cha turubai. Jasho linamtoka, macho yanamtoka, sala haimtoki. Watu, kwa heshima, wakaitikia vilevile: "Nnnnmmm." Hekalu zima likavuma kama mzinga wa nyuki.

Otsune alijaribu kujizuia. Alijibana. Alijifinya. Mwishowe kicheko kilimpasuka kama gunia la maharage, na Gishun akageuka, akamtazama. Akautazama unga wa mchele kwenye kucha za Otsune. Akautazama unga wa mchele kwenye vidole vyake mwenyewe.

Wakajuana.

"Umeona?" Otsune alimwambia Mohei walipotoka. "Umemwona dubu wako?"

"Nimemwona mtawa wangu kashikwa na huzuni mpaka sauti imekauka," akasema Mohei. "Na nimekuona wewe ukimcheka. Bibi, chunga ulimi. Nyumba yako iko kwenye ardhi ya hekalu."

Na hapo ndipo mchezo ulipokoma kuwa mchezo. Kabla mwezi haujaandama, Gishun, sauti ikiwa imerudi na nyongeza, aliwaita watu.

"Ndugu zangu, nimetafakari sana. Mzee wa Mlimani anafuata nini huku? Anafuata harufu ya kaki. Kaki ziko kwa nani?"

Wote wakageuka.

"Simchukii Bibi Otsune," akasema Gishun. "Lakini roho za wengi ni bora kuliko upenu wa mmoja. Mti ukatwe. Nyumba ivunjwe. Siku ya sikukuu ya wafu, Bibi awe amehama."

"Niende wapi?" akauliza Otsune.

Alikuwa na mkwe mmoja tu, mke wa marehemu mwanawe, huko bondeni mbali, mwanamke aliyekwisha kumwambia wazi kwamba nafasi iliyopo ni ya kwenye banda la kuku, tena upande wa majogoo. Katika nyumba ile ya langoni Otsune aliingia akiwa bi harusi. Pale alizaa. Pale alizika. Pale aligombana na Isaku miaka yote, mpaka kila nguzo ikajua zamu yake ya kusikiliza. Akawatazama wanakijiji mmoja mmoja, watu waliokula kaki zake tangu wakiwa na meno ya maziwa. Kila aliyetazamwa aliinama, akateremsha macho chini, akarudi kinyumenyume.

Waliizoea amri ya tatu.

Sasa, mtu anapanga lake, na msitu nao unapanga lake. Mwaka ule miti ya msituni haikuzaa. Huko juu mlimani, dubu wa kweli, dubu wa manyoya, alikuwa amekwangua miti mpaka ulimi ukachubuka. Na sadaka hekaluni zilikuwa zimezidi hata tumbo la Gishun. Alichoshindwa kula alikificha. Nyuma ya madhabahu palikuwa na ghala, ufunguo anao yeye, na humo alirundika mikate, maharage, asali, pombe, na kaki. Upepo ukapita juu ya ghala, ukapanda mlimani, ukamwingia dubu puani.

Ulimwambia nini? Wewe ungeambiwa nini?

Asubuhi ya sikukuu ya wafu, Otsune alifunga kitita chake. Mkeka mdogo, sufuria moja, kisu cha kumenyea. Watu walikuwa wamekwisha kuingia hekaluni, njuga kimya. Akasema ngoja akamuage Isaku, asije akasema hakuambiwa. Akapita nyuma ya hekalu.

Ukuta wa ghala ulikuwa umepasuliwa. Mbao zimeng'olewa, zimetupwa huku na huku kama njiti za kuchokolea meno. Na ndani, kitu kinatafuna. Otsune akasogea. Akaona mgongo mweusi, mpana, umeinamia mtungi wa asali.

"Gishun!" akasema. "Hata leo? Sikukuu yenyewe? Na ukuta umeubomoa kwa pupa, ufunguo hukuuona?"

Mgongo ukageuka.

Kifuani palikuwa na alama nyeupe. Lakini haikuwa ukosi. Ilikuwa manyoya. Na juu ya manyoya palikuwa na pua, na juu ya pua macho mawili madogo, yamemtazama Otsune kama mwenye duka anavyomtazama mteja asiye na kitu.

Sitawadanganya kwamba hakuogopa. Aliogopa mpaka akasahau njia aliyojia. Ndiyo maana hakukimbia, hakuweza. Dubu akamnusa kwa mbali. Mifupa, ngozi, na maneno makali. Akaona hapana faida. Akarudi kwenye asali yake.

Otsune akarudi hatua moja. Nyingine. Nyingine. Alipofika pembeni mwa ukuta, alikaa chini akapumua. Halafu, polepole, akaanza kutabasamu. Nyinyi mnaonijua mnalijua tabasamu la namna hiyo.

Akaingia hekaluni kwa mlango wa mbele, kitita mgongoni.

"Mzee wa Mlimani yumo ghalani," akasema. "Anakula."

Watu wakashtuka, njuga zikalia zenyewe. Na Gishun akawa wa kwanza kunyanyuka, mafungu yote matatu kwa pamoja.

"Uongo!" akasema. "Ghalani hamna kitu! Ghalani hamna mtu! Ufunguo ninao mimi!"

"Nimemwona kwa macho."

"Mnamsikia? Anataka kutuharibia sikukuu kwa sababu anahama!"

Na tazameni ajabu ya dunia. Katika kijiji kizima, watu wote waliamini kwamba kuna dubu. Mmoja tu hakuamini. Mmoja tu alijua kwa yakini, kwa tumbo lake mwenyewe, kwamba dubu hayupo. Otsune alikuwa amekuja kwa ajili ya huyo mmoja.

"Basi tuwekeane sharti," akasema Otsune. "Mbele ya wote. Mzee wa Mlimani asipokuwemo ghalani, nahama kabla uji haujapoa, na mti nitaukata mwenyewe. Akiwemo, nyumba ni yangu mpaka nife, na hakuna atakayeniuliza tena habari ya kaki."

"Yule wa manyoya?" akauliza Mohei, apate uhakika.

"Yule wa manyoya."

Gishun alikuwa anacheka sasa. Siku nyingi hakucheka hivyo. "Nakubali!" akasema. "Wote mmesikia? Nakubali! Mohei, shuhudia!"

"Nashuhudia," akasema Mohei.

"Tukafungue basi, watu waone," akasema Otsune.

Kicheko kikakatika. Watu waone! Waone mikate? Waone asali? "Hapana, hapana," akasema Gishun. "Nitaingia peke yangu. Mnyama hatari yule."

"Si umesema hayumo?"

"Hayumo. Lakini akiwemo, ni hatari."

"Nitaingia na wewe," akasema Otsune. "Anayehamishwa ni mimi. Labda kuna mwingine anayetaka kutusindikiza?"

Hakuna aliyetaka. Imani ilikuwa nyingi, miguu ikawa haba.

Gishun akatangulia, akapita nyuma ya madhabahu, akafungua kufuli, akausukuma mlango wa ghala kando. Wakaingia wawili, mlango nyuma yao wazi kidogo tu. Mbele yao marundo, yamefika juu ya kichwa: mikate kwa mikate, vibuyu kwa vibuyu, kaki zimepangwa kama matofali. Ule upande uliobomolewa ulikuwa nyuma ya marundo, hauonekani, ila upepo ulikuwa unapita.

Gishun akamsogelea, akanong'ona. "Haya, umeona. Tusipotezeane muda. Toka hapo nje, sema hamna kitu. Nyumba yako sitaivunja. Na kila wiki utapata fungu lako."

"Fungu la nini?"

"La hivi."

"Hizi si kaki zangu?"

"Otsune, mama, usiwe mgumu. Nani atakuamini? Dubu hayupo. Hajawahi kuwepo." Akajipiga kifua, pale ukosi unapokutana. "Dubu ni mimi!"

Nyuma ya marundo, kitu kikapumua.

Rundo la mikate likatikisika. Likainama. Likamwagika. Na nyuma yake akasimama, kwa miguu miwili, asali inachuruzika kidevuni, mkubwa kuliko alivyokuwa amekaa, kama mtu aliyesikia jina lake linatumiwa na mwingine, akataka kujua ni nani.

Gishun alitaka kusema. Hakuhitaji kaki mbichi safari hii. Akamshika Otsune mkono wa vazi lake, kwa nguvu.

"Otsune. Nifanyeje?"

"Unaniuliza mimi?" akasema Otsune. "Hapa wazee wa mlimani ni nyinyi. Elewaneni."

Akavibandua vile vidole, kimoja kimoja, vilikuwa vinanata. Akageuka, akaenda mpaka mlangoni bila haraka. Nje, nyuma ya madhabahu, Mohei alikuwa amechomoza shingo kidogo, mwili ameuacha mbali.

"Bibi Otsune! Mzee wa Mlimani yumo?"

"Wamo wawili," akasema Otsune.

Akatoka, akaufunga mlango.

Hadithi yangu imeishia hapo kwenye mbao. Iliyo tamu mezeni, yenye ukakasi mtemee jirani. Anayetaka kujua ya ndani, mkono anao: akafungue mwenyewe.